Benchi la Wajomba

"Kabla hatujaanza," alisema msajili wa chuo, "tunakupa pole kwa kufiwa na baba yako."

Binti alikuwa ameshafungua mdomo kujibu swali jingine kabisa. Kwa wiki nzima alikuwa amejifunza majibu mbele ya kioo cha kabati: kwa nini anataka kusomea kazi ya maabara, atafanya nini akiletewa damu isiyoandikwa jina la mgonjwa, masomo gani yanamsumbua shuleni. Hakuna aliyemwambia ajiandae kupokea pole. Aligeuza shingo. Nyuma yake, kwenye kiti cha karibu na mlango, alikuwa ameketi baba yake, mzima wa afya, amevaa koti lake la kijivu, kofia magotini, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa.

Baba huyo, fundi wa makochi, naye aligeuza shingo kutazama anayepewa pole ni nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Ajali," msajili aliendelea, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito na sauti ya upole. Pembeni yake aliketi mwalimu kijana aliyevaa koti jeupe la maabara. "Ajali ni kitu kibaya sana. Mtu anaaga asubuhi, jioni hayupo. Na huyu uliyekuja naye ni nani kwako?"

Binti alimtazama baba yake. Baba yake alimtazama yeye, kwa macho yale yale anayowatazamia wateja wanapokalia kochi jipya kwa mara ya kwanza, akingoja waseme lolote.

"Ni mjomba wangu," alisema binti.

Neno lilitoka lenyewe, kama mkono unavyouwahi uso pale kitu kinaporushwa. Lilipokwisha kutoka, aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakujua namna ya kulirudisha.

"Karibu, mjomba," alisema msajili. "Wewe ni kaka wa mama yake?"

"Eeh," alijibu fundi.

"Tunakushukuru. Ndugu wengi wakishazika hawaonekani tena. Lakini mwaka huu lazima niwape sifa yenu, wajomba mmejitokeza kwelikweli."

Mwalimu kijana alimgeukia binti. "Marehemu alikuwa akifanya kazi gani?"

Binti aliinamisha uso. Msajili na mwalimu walidhani ni majonzi, wakamwonea huruma. Fundi akakohoa.

"Alikuwa fundi makochi," alisema. "Kutengeneza mapya, na kuvisha upya yaliyochakaa."

"Alikuwa mtu wa namna gani? Tunauliza tu tumfahamu mwanafunzi wetu. Alikuwa anakunywa?"

"Hapana!" Fundi alijibu kwa haraka kiasi kwamba mwalimu alirudi nyuma kidogo kwenye kiti. "Alikuwa hanywi. Hanywi kabisa huyo."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani..." Fundi aliizungusha kofia magotini. Hakuwahi kuulizwa swali hilo, na sasa alipoulizwa aliona kwamba hana mengi ya kusema. "Nyumbani alijitahidi. Alikuwa mkali kidogo. Alitaka huyu asome."

"Mungu amlaze mahali pema," alisema msajili.

"Amina," alisema fundi.

Baada ya hapo binti aliulizwa maswali aliyojifunza, akayajibu yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Msajili akawaeleza kwamba matokeo yake ya shule ni mazuri, kwamba akimaliza mtihani wa mwisho kama alivyoanza atapokelewa, na kwamba nafasi aliyoiomba ni ile ya ufadhili, ada yote na malazi, ambayo hupewa yatima peke yao. Nafasi hizo ni chache. Ijumaa ijayo walete cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa mtaa, basi.

Nje kulikuwa na benchi refu lililoegemezwa ukutani, urefu wa korido nzima. Juu yake waliketi watoto wa kidato cha mwisho, kila mmoja na sare ya shule yake, na kila mmoja na mtu mzima aliyemleta. Wengi wa watu wazima walikuwa wanaume waliovaa vizuri, waliokaa wima na kutazama sakafu. Asubuhi, kabla ya kuitwa, fundi alikuwa ameketi hapo karibu na bibi mmoja mwenye fimbo, wakasalimiana, na kwa furaha aliyokuwa nayo alimwambia bila hata kuulizwa: "Mimi nimemleta binti yangu. Wa kwanza kuzaliwa. Kichwa anacho."

Sasa alipokuwa akipita mbele ya bibi huyo, mlango ulifunguka nyuma yake na msajili akachungulia.

"Mjomba! Cheti kiwe chenyewe, siyo nakala!"

Bibi alimtazama fundi, akamtazama binti, akamrudia fundi.

"Kumbe mjomba," alisema.

Fundi alivaa kofia yake. "Kwaheri, mama," akasema, akaondoka kwa hatua ndefu, binti akimkimbilia nyuma.

*

Walitembea mpaka nje ya geti.

"Baba," alianza binti.

"Usiniite hivyo hapa. Watasikia."

Binti alidhani anamtania. Alipomtazama aliona hatanii, na hapo ndipo machozi yalipoanza. Fundi alitoa leso mfukoni akampa bila kumwangalia. Walivuka barabara, wakapita kwenye maduka ya simu, wakafika pale wauza mbao wanapoanika mbao zao, na fundi, ambaye siku zote hawezi kupita hapo bila kuzigonga mbao kwa kifundo cha kidole, alipita tu.

"Nani ameniua?" aliuliza hatimaye.

"Sijui, baba. Haki ya Mungu sijui. Mimi nilijaza jina na masomo. Mengine yote alijaza Bonyeza."

Bonyeza alikuwa kijana mwenye duka la kompyuta mtaani kwao. Jina lake halisi watu walishalisahau, maana kutwa alikuwa akiwaambia wateja wake bonyeza hapa, bonyeza pale. Watoto wote wa mtaa waliofika kidato cha mwisho waliomba vyuo kupitia kwake. Mtoto huleta vyeti vyake, hujaza ukurasa wa kwanza, kisha humwachia Bonyeza, naye hukaa peke yake baadaye, mtandao ukishapungua watu, akamalizia. Wazazi walimsifu kwamba ana mkono mwepesi. Fundi mwenyewe alikuwa amemvishia upya kiti chake cha dukani.

Walimkuta amekikalia kiti hicho.

"Mzee wangu!" Bonyeza alichangamka. "Usaili umekwendaje?"

"Umeniua," alisema fundi.

"Aaa, hilo." Bonyeza hakuondoa mkono kwenye kipanya. "Kaa kwanza, mzee. Hayo siyo mauaji, hiyo ni huduma."

"Nimepewa pole mimi! Nimekaa pale, naulizwa habari za marehemu, na marehemu ni mimi!"

"Na umejibu?"

"Ningefanyaje?"

"Basi umefanya vizuri. Wengine huingiwa na woga." Bonyeza aligeuza kiti kidogo, akashusha sauti kama daktari. "Mzee, unamjua dobi wa pale kona? Binti yake si yuko ualimu mwaka wa pili? Dobi ni marehemu. Yule muuza rangi naye ni marehemu, tena nilimwandikia maradhi ya muda mrefu kwa sababu alinisumbua sana. Jana nimemwona anacheza drafti, ana kitambi chake vilevile. Kufa huku hakuumi."

"Bonyeza, mimi na wewe tunafahamiana. Kwa nini hukuniuliza?"

Hapo Bonyeza aliacha kipanya. Kwa mara ya kwanza alionekana kutafuta maneno.

"Niliuliza, mzee. Mimi siui mtu bila ruhusa ya familia yake. Mama watoto alikuja, akakaa hapo hapo ulipokaa wewe. Nikamweleza kwamba kuna mlango wa wenye wazazi na mlango wa yatima. Ule wa wenye wazazi foleni imefika barabarani, na ukishaingia ndani unakutana na ada. Akafikiri sana. Halafu akasema, pita wa yatima."

Fundi aliinuka kama aliyekalia msumari.

*

Mkewe alikuwa msusi, na kazi yake aliifanyia barazani. Walimkuta amekaa kwenye kiti kirefu, mteja amekaa chini kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama iliyopigwa na upepo.

"Mke wangu," alisema fundi, "nimekufa lini mimi?"

Vidole vya mama vilisimama kichwani mwa mteja.

"Nani kakwambia?"

"Nimepewa pole. Nimeitikia amina kwenye msiba wangu mwenyewe."

"Jamani," alisema mteja kwa sauti ndogo. "Mimi naweza kurudi baadaye."

"Kaa," mama alimwambia. "Na nusu kichwa utakwenda wapi?" Akamgeukia mumewe. "Walisema wanaita mtoto peke yake. Ningejua wanaita na mlezi, ningekwambia mapema. Ningemtafuta kaka yangu kweli aende."

"Kwa hiyo kosa ni kwamba mimi nimekwenda?"

"Sijasema hivyo."

"Ulitaka kuniambia lini? Baada ya mazishi?"

Mama alianza tena kusuka, kwa nguvu. "Mwezi ule nilikuuliza, mtoto akipata chuo ada itatoka wapi. Ulinijibu nini?"

"Nilisema tutaona."

"Ndiyo. Mimi nikaona."

"Dada, unanivuta," alisema mteja.

"Samahani." Mama alilegeza mkono. Sauti yake nayo ililegea. "Wewe ukiwa hai, mtoto hapati. Ukiwa umekufa, anapata. Hilo sikulipanga mimi, baba watoto. Nilikuta wameshalipanga wao. Nilikaa kwenye kiti cha yule kijana mpaka miguu ikafa ganzi. Nikajiambia, mtu hapungukiwi kitu akiandikwa hivyo, atakuja nyumbani atakula, atalala, atagomba kama kawaida yake."

"Si ungejiandika wewe basi! Kwa nini mimi?"

"Niliuliza. Nikamwambia Bonyeza, niandike mimi, muache mume wangu. Akasema mama hahesabiki. Mtoto akifiwa na mama bado ana mtu wa kumlipia. Lazima afe baba."

Hapo hata mteja aliinua macho. Fundi alisimama barazani kwake, mikono imening'inia. Alitaka kukasirika zaidi, akatafuta hasira ilipo, hakuipata mara moja. Alichokuwa nacho ni mshangao, ule wa mtu aliyekosea ngazi moja gizani na mguu wake bado unatafuta pa kukanyaga.

Binti alikuwa ameegemea mlango. "Mama," alisema, "mimi nimemkana. Wameniuliza, nikasema ni mjomba."

Mama alimtazama mwanawe. "Umefanya vizuri," alisema, lakini hakuweza kulimalizia neno hilo vizuri, akainamia kichwa cha mteja.

*

Mwenyekiti wa mtaa alikuja jioni ya siku ya pili, akakalishwa kwenye kochi bora la sebuleni, lile ambalo fundi alilitengeneza kwa mbao zilizobaki za wateja na hakupenda watu walikalie hovyo. Bonyeza alikuja naye, kwa sababu ndiye aliyemjua mtu wa ofisi ya vizazi na vifo. Chai iliwekwa. Mama alikaa ukingoni mwa kiti. Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mgeni.

"Barua si tatizo," alisema mwenyekiti. "Mtoto wetu lazima asome. Tatizo ni kwamba msiba haukuwepo. Mtu akija kuuliza majirani, walizika wapi, nani alikodi viti, watasema nini?"

"Andika alizikwa kwao," alisema Bonyeza. "Mbali. Ndivyo wanavyofanya wote."

"Eeh, hapo sawa. Kwao. Haya, na tarehe?"

Kila mtu alimwangalia fundi, kisha wakakumbuka kwamba si wa kuulizwa.

"Weka siku ile alipoanguka na gari la makochi," alisema mama.

Fundi aliinua kichwa. Miaka mitatu nyuma alikuwa amepanda nyuma ya lori, juu ya makochi aliyokuwa akiyapeleka kwa mteja, kamba ikakatika kwenye kona. Aliamka hospitali na mkono uliovunjika. Kabla hajaamka, mtu mmoja mpumbavu alikuwa amekimbia nyumbani kwake kupiga kelele kwamba fundi amekufa.

"Siku ile nilishakulilia," mama alimwambia mumewe mbele ya wageni, bila kuinua sauti. "Nililia njia nzima mpaka hospitali. Sitaki kukulilia siku nyingine mpya. Machozi ya siku ile yanatosha."

Mwenyekiti alikohoa, akaandika tarehe. Fundi alitazama mkono wake, pale mfupa ulipounga vibaya kidogo, akaufunika kwa mkono mwingine. Baadaye, wageni walipokuwa wanaaga, mwenyekiti alimpa mkono na kumwambia, "Jikaze, fundi," kama anavyoambiwa mfiwa, na fundi akajibu kwamba amejikaza.

Cheti kilikuja Alhamisi. Bonyeza alikileta ndani ya bahasha ya kaki, fundi akakisoma amesimama barazani, polepole, kila mstari. Kilikuwa na mhuri na saini. Miaka yote ofisi zilikuwa zikikosea jina lake, kwenye kadi ya kliniki, kwenye bili ya maji, hata kwenye cheti cha ndoa, akawa kila mara anarudishwa dirishani. Kwenye kifo walikuwa wamepatia kila herufi.

"Kizuri?" aliuliza Bonyeza.

"Kizuri," alisema fundi, akakirudisha ndani ya bahasha.

Wiki hiyo yote mama alimtaka binti amwite baba yake mjomba hata nyumbani, ili ulimi uzoee usije ukateleza chuoni. Siku ya kwanza binti alikataa, akasema hawezi. Siku ya pili alijaribu jikoni, kwa sauti ya chini, peke yake. Alhamisi hiyo, chakula kilipokuwa tayari, alichungulia uani ambako baba yake alikuwa akikata sponji, akasema, "Mjomba, chakula."

"Nakuja," alijibu fundi. Hakusita wala hakuinua kichwa. Alimalizia kukata, akapangusa kisu, akaja kunawa.

Binti alisimama na taulo la mikono. Alikuwa amengoja baba yake afoke. Alikuwa hata ameomba moyoni afoke. Alimpa taulo, fundi akalipokea na kusema ahsante, na binti hakuweza kula.

*

Ijumaa korido ilijaa tena. Fundi na binti walipata nafasi ya mwisho iliyobaki kwenye benchi, na pembeni yao, kama waliopangiwa, walikuwa yule bibi mwenye fimbo na mjukuu wake, msichana mwembamba aliyekuwa akisoma daftari la kemia bila kugeuza ukurasa.

"Shikamoo mama," alisema fundi.

"Marahaba, mjomba," alisema bibi. Hakulisema kwa kejeli. "Mmeleta karatasi?"

"Tumeleta."

"Mimi yangu imekataliwa." Bibi alifungua kitambaa alichokifunga kwenye kona ya nguo yake, akatoa picha. Ilikuwa picha ya kaburi, fungu la udongo mwekundu na kibao cha mbao, nyuma yake ukuta wa jengo ambalo halijamalizika. "Huyu ni mwanangu, baba wa huyu. Alikwenda kufanya kazi za ujenzi mbali, akaangukiwa, wenzake wakamzika huko huko. Wakanitumia hii. Nimewaonyesha wale pale ndani, wakasema kaburi siyo cheti. Leo nimerudi kuwaomba tena, pengine watakuwa wameamka vizuri."

"Cheti kinatolewa wapi?" aliuliza fundi, ingawa alijua.

"Huko huko alikofia. Kwenda siwezi, na nikienda nitamwuliza nani?" Bibi aliirudisha picha kwenye kitambaa na kufunga fundo. Akaitazama ile bahasha ya kaki iliyobanwa kwapani mwa fundi, na macho yake yalikuwa na hamu isiyojificha, kama ya mtu anayetazama sahani ya mwenzake. "Cha kwenu kina mhuri?"

"Kina mhuri."

"Mna bahati," alisema bibi.

Binti alisikia. Alikuwa ameinama, ameshika magoti yake, na alipolisikia neno hilo aliinua uso, akamtazama baba yake kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayehakikisha. Fundi alikuwa anatazama sakafu. Kando yake mwanaume mwingine alikuwa anatazama sakafu, na aliyemfuata, na aliyefuata tena, mpaka mwisho wa benchi.

Mlango ulifunguka. Waliitwa.

Msajili alikuwa peke yake siku hiyo, amezungukwa na bahasha za kaki zilizofanana na ya kwao. Aliwakaribisha vizuri, akamkumbuka binti kwa majibu yake mazuri, akanyoosha mkono.

"Haya, mjomba. Nione cheti."

Fundi alinyoosha bahasha. Kabla haijafika, binti aliweka kiganja chake juu yake, akaishusha mezani.

"Mama, naomba nisamehewe," alisema. "Huyu siyo mjomba. Huyu ni baba yangu. Hajafa."

Msajili hakushtuka kwa namna waliyotarajia. Kwanza alitazama mlango kuona kama umefungwa. Halafu alivua miwani, na bila miwani uso wake ulionekana umechoka.

"Mwanangu," alinong'ona, "kwa nini umeniambia?"

Binti hakuelewa.

"Ungeiweka karatasi hapa, ukaenda zako. Mimi nikiletewa cheti kina mhuri, nakipokea. Sina kazi nyingine. Nilikuwa sikuulizi kitu." Alifuta miwani kwa ncha ya kitambaa chake cha shingoni. "Sasa umeniambia. Nikishaambiwa siwezi kusema sikusikia."

Fundi aliinuka haraka, kofia ikamwanguka.

"Mama, usimsikilize! Mtoto amechanganyikiwa, mtihani umemchosha. Mimi ni mjomba, mjomba kabisa! Baba yake nilimzika mimi kwa mikono yangu hii. Alianguka na lori. Tulimzika kwao, mbali, watu walikuwa wengi..."

"Baba," alisema binti. "Acha."

"Alikufa huyo!" fundi alisema, na sauti yake ilivunjika katikati. "Mama, alikufa. Soma hapo, jina lake limeandikwa."

Msajili aliisogeza ile bahasha kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikarudi upande wao wa meza. Hakuifungua.

"Jina la binti nitalifuta kwenye ufadhili," alisema. "Sitaandika sababu, nitaandika amejitoa. Mwakani aombe upya, kama wenye wazazi. Zaidi ya hapo sina ninachoweza kuwasaidia."

"Na yule mwenye picha ya kaburi?" aliuliza binti.

"Yule hana cheti," alisema msajili, akavaa miwani, akavuta bahasha nyingine.

Binti alitoka. Alitembea haraka, bila kumtazama bibi, bila kumtazama mtu yeyote, mpaka kwenye ngazi mwishoni mwa korido. Hapo ndipo alipoona yuko peke yake. Fundi alikuwa amebaki ndani kuokota kofia, na alipotoka alisimama mlangoni na bahasha yake mkononi, akitazama upande huu na upande ule kama mtu aliyesahau njia aliyojia. Mdomo wake ulikuwa wazi. Bibi alikuwa anamwambia kitu, hakusikia. Alikuwa anafikiria atakavyomweleza mkewe, na kila mahali alipoanzia palikuwa hapafai.

Binti alijaza kifua pumzi.

"Baba!" aliita.

Sauti ilikwenda korido nzima. Fundi aligeuka. Na kwenye lile benchi refu wajomba wote, mmoja baada ya mwingine, waliinua vichwa kutoka sakafuni. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kusimama.